Nafasi Kumi na Mbili

Kadzo alizikwa Jumamosi, nami nilifika matangani Jumanne, kwa sababu binti yake hakuwa na nambari yangu ya simu na habari ilinifikia kwa kuzunguka. Nilikaribishwa mkekani nyuma ya nyumba, pamoja na akina mama wa Ganze waliokuwa wakichambua kunde za chakula cha wageni. Nikavuta ungo mmoja nikachambua nao. Mama wa makamo aliyekaa kando yangu aliliangalia buibui langu, akaiangalia mikono yangu, kisha akaniuliza kwa upole, "Nawe mama, na marehemu mlijuania wapi?" Nikamwambia tulifanya kazi pamoja Kilifi, zamani, chumba kimoja. "Kazi gani?" Nikasema, kazi ya maji. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu aliyesikia jambo jema, akarudi kwenye kunde zake. Nimerudi nyumbani Shella wiki ya tatu sasa, na bado nalirudia jibu lile. Kazi ya maji. Si uongo. Lakini Kadzo ndiye aliyekuwa amebaki wa kujua nilifanya nini mwaka ule, na kwa kuwa hayupo tena, nimeachwa na jambo hilo peke yangu, na naona kukaa nalo hivi ni kuzito kuliko kulisema.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, nimetoka Mombasa kwenye kozi ya kompyuta ya miezi sita, wakati ambapo watu wengi wa pwani walikuwa hawajaiona kompyuta ila kwenye picha. Nilipata kandarasi ya mwaka mmoja Kilifi, kwenye mradi uliokuwa ukichimba visima katika vijiji vikavu vya upande wa Ganze. Mkuu wa mradi, Bwana Mwakio, alinipokea vizuri. Alikuwa mtu mnadhifu, mpole wa sauti, na shati lake lilipigwa pasi mpaka mikono ikasimama. Alichukua cheti changu cha kozi, karatasi yenyewe wala si nakala, akakiweka ndani ya kabati lake la chuma. "Hapa kitakuwa salama," akasema, "mpaka kandarasi yako iishe." Nikamshukuru. Kisha akanipeleka kwenye chumba changu cha kazi. Kilikuwa stoo hapo zamani, na bado kilinuka magunia na mafuta ya taa. Kilikuwa na dirisha moja la nondo lililotazama ukuta, meza, viti viwili, feni ya kusimama, na juu ya meza ile mashine, imefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa uzi mweupe. Wafadhili walikuwa wameagiza chumba cha mashine kifungwe wakati wote. Bwana Mwakio alikuwa mtu wa kufuata maagizo, na agizo lile halikusema lolote kuhusu mtu aliyemo ndani. Basi kila asubuhi saa mbili askari alinifungulia, nikaingia, akafunga kufuli kwa nje. Saa saba akanitoa. Saa nane akanifungia tena mpaka saa kumi. Nikitaka kwenda haja niligonga mlango kwa rula, na kama askari alikuwa amekwenda kunywa chai, nilingoja. Nilijifunza kutokunywa maji asubuhi. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikiisikia kufuli inapobanwa. Mwezi wa pili nikawa siisikii, na hilo ndilo linalonishangaza leo, kwamba mtu huzoea mapema hivyo.

Nilikokuwa nikilala nako hakukuwa na nafasi zaidi. Nilikaa kwa shangazi yangu, Bi Rukia, aliyenipenda sana na kunichunga kwa kiasi hicho hicho. Kabla ya adhana ya magharibi sharti niwe ndani, na mlango utiwe komeo. Kwake tulikula vizuri: mahamri na mbaazi asubuhi, na mchana nilikuta wali wa nazi na mchuzi wa papa umefunikwa kawa, ukiningoja. Nilikula nyuma ya pazia, na kutoka pale niliyasikia mazungumzo yake na jirani barazani. Siku moja jirani alimwuliza kama ni kweli huko ofisini nafungiwa. "Wamfungia," shangazi akasema, "na mimi namshukuru Mungu. Mtoto nimekabidhiwa huyu. Nikiwa jikoni nakuna nazi, najua saa hii yuko wapi." Jirani akasema, "Na akiolewa?" Shangazi akamjibu, "Akiolewa, mumewe naye atajua yuko wapi." Wakacheka, na hawakucheka kwa ubaya. Nilikuwa nimeshika tonge; nikalirudisha sahanini nikalitazama. Sikuwa na hasira na shangazi, hata leo sina. Nilichohisi ni kwamba watu wote walionizunguka walikuwa wameridhika na mahali nilipo, na mimi peke yangu ndiye niliyepaona pembamba.

Kiti cha pili chumbani mle kilikuwa cha Kadzo. Alinizidi kwa miaka saba, mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Kwa Ndurya Mashariki, kitongoji kilichokuwa mbali kuliko vyote vya mradi wetu. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini kwa miguu, kuhesabu nyumba, kupima kwa saa yake ya mkononi wanawake wanatembea muda gani kwenda kuteka maji, na kujaza fomu. Siku mbili kwa wiki alikuja Kilifi akanisomea fomu zake nami nikaziandika kwenye mashine, na siku hizo naye alifungiwa pamoja nami. Mara ya kwanza aliposikia kufuli ikibanwa aligeuka akautazama mlango kwa muda. "Kumbe tumo zizini," akasema. Kisha akafungua mkoba wake. "Haya mdogo wangu, tule kwanza." Tulikula muhogo wake wa kuchemsha, au sima baridi na mchunga, mboga ya majani ya kwao, aliyoileta ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na mahamri yangu. Nilimwita dada. Nikaula ule mchunga mchungu mpaka nikaupenda. Huku akila alinisimulia habari za mamake, ambaye alitoka nyumbani alfajiri na kurudi jua likiwa la utosi, na debe moja kichwani, kila siku ya Mungu. Hakuyasema kwa kulalamika. Aliyasema kama anayesoma fomu.

Utepe wa printa uliisha mwezi wa nne. Mwingine uliagizwa Nairobi na haukuja. Kwa hivyo kila aliyetaka habari alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, akasoma kwenye kioo na kunakili kwa kalamu, na kwenye kioo mambo yalikuwa fujo. Kioo kile cheusi chenye maandishi ya kijani kilikuwa na upana wa herufi themanini, basi. Jina la kijiji likiwa fupi, tarakimu zilizolifuata zilisogea kushoto. Likiwa refu, zilisukumwa kulia mpaka nyingine zikaangukia mstari wa chini. Umbali wa maji wa kijiji kimoja ukaonekana chini ya idadi ya nyumba za kijiji kingine. Siku moja Bwana Mwakio alisimama nyuma yangu akaitazama orodha ile kama mtu anayetazama shati lililokunjamana. "Wafadhili watatutembelea mwaka huu," akasema. "Siwezi kuwaonyesha kitu kilichopinda hivi. Zuhura, hebu kinyooshe."

Nilichoandika kilikuwa kitu kidogo, mistari kumi na mmoja ya amri. Leo kijana yeyote angekiandika huku anakunywa chai. Niliiambia mashine: chukua jina, liongezee nafasi tupu mwishoni, kisha uonyeshe nafasi kumi na mbili za mwanzo, zilizobaki zikate. Jina fupi likajazwa mpaka likafika kumi na mbili, na refu likapunguzwa. Kumi na mbili ndizo zilizosalia nilipokwisha kuzigawa zile themanini kwa mambo mengine yote Bwana Mwakio aliyotaka yaonekane. Nilikiita Nyoosha. Nilikihangaikia siku nne, na siku ya nne, kabla ya saa saba, nilipobonyeza na orodha ya vijiji arobaini ikapita kiooni, kila safu imesimama wima chini ya kichwa chake, niliinuka nikatembea chumba kizima, hatua tano kwenda na tano kurudi. Sijui kama mtu ambaye hajapitia hali hiyo atanielewa. Mwaka ule wote hakukuwa na kitu kilichonisikiliza. Hiki nilikiambia kaa hapa, kikakaa. Bwana Mwakio alipokuja alivua miwani, akasogeza uso karibu na kioo, akafuata safu moja kwa kidole kutoka juu mpaka chini. "Sasa hii ndiyo kazi," akasema, akanipa mkono. Hakuwa amewahi kunipa mkono tangu siku ya kwanza.

Kadzo alipokuja Alhamisi nilimwonyesha nikiwa na majivuno. Alisoma polepole, midomo ikimcheza. "Majina yetu umeyakata," akasema.

"Ni ya macho tu, dada. Ndani yamo kamili. Nikiyataka nayapata."

Akaweka kidole kwenye kioo. "Hapa pana Kwa Ndurya M. Na hapa chini pana Kwa Ndurya M. Kwetu ni ipi?"

Nikatazama. Kweli yalikuwa mawili na yamefanana kabisa: Kwa Ndurya Mashariki na Kwa Ndurya Magharibi, yote yamekatwa penye M, maana mashine huihesabu hata ile nafasi iliyo kati ya maneno. "Kwenu ni hii ya chini," nikasema.

"Wajuaje?"

"Mimi najua."

"Na asiyejua?"

Nikamwambia nitarekebisha. Nilikusudia kweli kurekebisha. Lakini kulipa jina nafasi zaidi kungenilazimu kuondoa safu nyingine, na safu zote zilikuwa zimenyooka, na mkuu alikuwa amenipa mkono. Nikasema itakuwa wiki ijayo. Nimekuwa na wiki nyingi tangu hapo za kuyafikiria maneno hayo mawili, wiki ijayo, na nimeona kwamba sikuwa mvivu. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kunifurahisha, na sikutaka kukiharibu.

Kikao cha mradi kilichagua vijiji sita vya kuanzia, na kwa fomu za Kadzo Kwa Ndurya Mashariki ikawa miongoni mwao. Magharibi haikuchaguliwa, iko karibu na barabara, na bwawa lake lilikuwa na maji miezi mingi ya mwaka. Siku chache baadaye Charo, fundi mkuu wa mashine ya kuchimba, alikuja chumbani kunakili orodha ile. Askari alimfungulia akaondoka, na mlango ukabaki wazi nyuma yake. Ilikuwa saa tano, nami nilikuwa nimebanwa na haja tangu saa tatu na hakuna aliyekuja nilipogonga. Nilimwekea orodha kiooni nikasimama. Aliandika kwa kipande chake cha penseli, jina baada ya jina, bila haraka. Akafika kwenye la tano. "Hii Kwa Ndurya," akasema, "ndiyo ile ya barabarani?" Nilikuwa nimekwisha kufika mlangoni. Sikuisikia sawasawa, au niliisikia na mawazo yangu yalikuwa kwingine. Nilikuwa nikiuangalia ua na jua lililokuwa uani, na nikihofia askari arudi kabla sijavuka kizingiti. "Ndiyo, ndiyo hiyo," nikamwambia, nikatoka.

Majuma matatu yalipita. Kisha siku ya Jumatano, ambayo haikuwa siku yake, Kadzo alikuja. Alikuwa na vumbi mpaka magotini na leso yake imelowa jasho. Askari akamwingiza akatufungia. Alikaa kwenye kiti chake, hakufungua mkoba.

"Mashine ya kuchimba iko Magharibi," akasema. "Wamepata maji, tena matamu."

Sikuwa na haja ya kuangalia, lakini niliangalia. Niliomba jina kamili la kijiji cha tano, na mashine ikalileta lote mpaka herufi ya mwisho: Kwa Ndurya Mashariki. Kadzo akalisoma. Wala hakupandisha sauti. "Kwetu waliambiwa gari litakuja," akasema. "Wamefyeka njia ya kulipitisha. Wiki mbili wanafyeka. Mamangu amefyeka. Nilikuuliza, Zuhura." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu.

Siku iyo hiyo nilikwenda kwa Bwana Mwakio nikamweleza yote, juu ya Nyoosha, juu ya zile M mbili, na juu ya lile swali la Charo. Alinisikiliza viganja vikiwa bapa mezani. Nilitarajia anifukuze, na nadhani sehemu ya moyo wangu ilitaka hivyo. Akaenda kufunga mlango. "Visima havihamishwi," akasema. "Maji yametoka pale na watu wanakunywa. Hilo limekwisha." Kisha akaniambia lililokuwa likimtia hofu. Wageni, wale wafadhili, walikuwa waje baada ya majuma mawili. Wakikuta kisima kimechimbwa kijiji ambacho hakikuchaguliwa, watasema tumependelea wa barabarani, na huenda wakafunga mradi, na hapo vijiji vyote arobaini vikose. Akachukua karatasi akaandika majina mawili, moja chini ya lingine, kwa mwandiko wake mzuri. Akazungushia duara s na g, kisha k na b. "Mashariki, Magharibi," akasema. "Tazama. Ni herufi mbili tu. Badilisha hizi, na kila kitu kitakaa sawa." Nikauliza, na wale wa Mashariki? Akasema watawekwa kwenye awamu nyingine, akipata nafasi. Hakutaja cheti changu. Alikuwa ameliegemea lile kabati la chuma alipokuwa akisema, na sijui mpaka leo kama alikusudia au alikuwa amechoka kusimama. "Jumatatu nitakuja tulifanye," akasema.

Kadzo sikumwambia habari ya herufi. Nilimwambia tu kwamba Bwana Mwakio amesema visima havihamishwi. Akasema, "Basi Jumamosi twende nyumbani. Uwaambie wewe." Akaja kunichukua kwa shangazi asubuhi, akamwamkia, "Shikamoo mama," akamwambia kwa ustaarabu kwamba tunakwenda kazini na atanirudisha mwenyewe. Shangazi alimtazama akaridhika. Tulipanda gari mpaka Ganze, na kutoka hapo tukatembea, na jua lilikuwa kali. Nilijua umbali ule kwa tarakimu, niliuandika mwenyewe. Kuutembea ni mambo mengine. Tulipokaribia, vichaka vilifunguka ghafla na mbele yetu pakawa na njia mpya, pana ya kupita lori, visiki vimekatwa karibu na udongo na miiba imerundikwa pande zote mbili. Ilinyooka moja kwa moja mpaka kwenye uwanda ambapo walikuwa wameweka mawe manne kuonyesha mahali.

Wanawake kama ishirini walikusanyika chini ya kibanda cha makuti. Kadzo alizungumza nao kwa Kigiriama, kisha akaniambia, "Sema." Nikasema. Sikuwa na maneno mazuri. Nikawaambia kuna mashine ofisini inayoandika majina ya vijiji, na mimi ndiye niliyeiambia iyakate majina marefu, na kwa sababu hiyo fundi amekwenda kwingine, na alipouliza mimi ndiye niliyemjibu vibaya. Kadzo aliwatafsiria wale wazee kati yao. Mamake alikuwa amekaa mbele, mwembamba, mikono yake imechubuliwa na miiba. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Jina letu ulilikata kwa nini?"

"Ili mistari inyooke, mama."

"Ikanyooka?"

"Ikanyooka."

Akafikiri. "Na sisi yetu tumeinyoosha," akasema, akatazama upande wa ile njia. Halikuwa tusi. Nilingoja mtu anitukane, na hakuna aliyenitukana. Walimtuma msichana akaniletea maji ndani ya kikombe cha bati, kikombe kidogo, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nikanywa yote. Kisha mmoja akauliza swali lililokuwa la maana kwao kuliko yote niliyokuwa nimesema: "Sasa watakuja lini?" Nilijua kwamba Jumatatu jina lao halitakuwa tena kwenye orodha. Nilijua nani atakayeliondoa. Kadzo alikuwa akinitazama, akingoja jibu alitafsiri. Nikasema, "Sijui. Lakini mko kwenye orodha."

Jumatatu askari alinifungia kama kawaida. Saa nne Bwana Mwakio aliingia, akasimama nyuma yangu, akavuta pumzi kwa pua. Nililileta jina kamili. Nikafuta s nikaweka g. Nikafuta k nikaweka b. Nimewahi kufunga kifungo cha shati kwa muda mrefu kuliko huo. Nikaifungua orodha kwa Nyoosha, na kwenye kioo hakukuwa na kilichobadilika hata kidogo. Palisomeka Kwa Ndurya M, kama jana na juzi. "Ahsante," akasema. Alipotoka nilimsikia akimwambia askari, "Funga."

Alhamisi Kadzo alikuja na fomu zake. Kabla hajakaa akasema, "Hebu nionyeshe kwetu." Ningeweza kumwonyesha lile jina lililokatwa. Nilimwonyesha kamili, na hilo ndilo jambo la pekee nililolifanya sawa mwezi ule. Akasoma. Akatoa mkobani fomu yake mwenyewe ya Kwa Ndurya Mashariki, yenye mwandiko wake, akailinganisha na kioo, akairudisha chini ya nyingine zote. Feni ilikuwa ikizunguka. Baada ya muda akasema, "Uliwaambia wako kwenye orodha."

"Ndiyo."

"Ukijua."

"Ndiyo, dada."

"Mimi nina watoto wawili," akasema, "na hizi fomu ndizo zinazowalisha. Sitakwenda popote kusema. Wala wewe hutakwenda." Akaanza kunisomea kijiji kinachofuata, nyumba ngapi, saa ngapi kwenda, saa ngapi kurudi, nami nikaandika. Siku hiyo kila mmoja alikula chake. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki, wanawake wawili na mezani baina yao chakula kisichogawanywa, na mlango umefungwa. Nimekaa vyumba vingi tangu hapo na sijawahi kukaa chumba kidogo kama kile. Nilitamani anitukane. Alikuwa akinisalimu, akisoma, akiaga. Kisha siku moja, karibu na mwisho wa mwaka, bila kusema neno, alilisukuma kopo lake la sima na mchunga mpaka katikati ya meza. Nikala, na machozi yakanitoka, naye akageuka akatazama dirisha ili nisimwone ananiona.

Wageni walikuja. Walikuwa sita, walisimama nyuma yangu wakasifu unyoofu wa orodha, mmoja akauliza niliandikaje, nikamweleza. Hawakukaa muda wa kuchemsha chai. Kwa Ndurya hawakwenda, si ya huku wala ya kule.

Kandarasi ilipoisha Bwana Mwakio alifungua kabati akanipa cheti changu, kikiwa hakina hata mkunjo. Alinitakia heri, na naamini alimaanisha. Nikaenda Mombasa, nikapata kazi ya mashine, na kazi hiyo nimeifanya mpaka kustaafu. Mradi haukufungwa. Awamu ya pili ilikuja na kupita, na Kwa Ndurya Mashariki haikuwamo, maana kwa maandishi ya mradi Kwa Ndurya M ilikuwa imekwisha kupata.

Miaka mitatu baadaye nilipata barua ya Kadzo. Watu wengine kabisa, wa shirika jingine, walikuwa wamefika Kwa Ndurya Mashariki na mashine yao. Vichaka vilikuwa vimeota tena, wanawake wakafyeka upya. Walichimba siku mbili, wakaenda chini sana, na maji yakatoka. Yalikuwa ya chumvi. Hata mbuzi waliyanusa wakaondoka. Mtaalamu wao akawaeleza kwamba mwamba wa upande ule wote ndivyo ulivyo, na yeyote ambaye angechimba pale, wakati wowote, angepata maji yale yale. Wakaziba shimo kwa saruji wakaenda zao. "Kwa hivyo mdogo wangu," Kadzo aliandika, "usijisumbue tena moyo. Hata jina lingekuwa kamili, ingekuwa vile vile."

Niliisoma nimesimama kando ya dawati langu, mchana, watu wakipita. Nikafurahi. Sina neno jingine. Miaka mitatu nilikuwa nimebeba kile kisima, na sasa naambiwa hakikuwapo. Nilitoka nje nikala chakula cha mchana kwa hamu ambayo sikuwa nayo tangu nikiwa msichana, nikaongeza sahani, nikacheka na mwenye mkahawa. Jua lilipoanza kushuka ndipo nilipomwona akilini mamake Kadzo na mikono yake, amesimama kando ya shimo anaonja chumvi, kisha anajitwika debe lake kwa safari ile ile, na mimi huku nashiba. Nikamjibu Kadzo siku ya pili. Nikaandika kwamba habari zile zimenihuzunisha sana, kwamba sikupata usingizi, kwamba nimewaombea. Tuliendelea kuandikiana na kutembeleana mpaka uzeeni, alikuja harusini kwangu, nami nikaenda harusini kwa binti yake, na sikuwahi kumwambia ukweli wa siku ile. Barua yake iliyofuata ilikuwa fupi. Alinishukuru kwa huruma yangu. Alisema mamake aliomba asomewe maneno yangu mara mbili.